Mstari wa Mwisho wa Alban

Steinlaub ni mitaa miwili iliyobanwa kati ya mto Main na kilima cha chokaa, na watu wake hugombania ardhi hata ya upana wa kiganja. Watawa walianza kupanda mizabibu, vita vikapita, wadudu wakala mizizi, watu wakapanda tena. Ndiyo maana wapo wale Saba, walinzi wa mipaka. Hao wamekula kiapo, na ni wao tu wanaoijua alama iliyofukiwa chini ya kila jiwe la mpaka. Mke haambiwi, wala padri.

Gunda Römmelt alikuwa mke wa mmoja wao. Tangu amzike mumewe Alban mwezi uliopita hakuwa amelia. Alikunywa supu bila kujua kama ina chumvi. Alibaki na haja moja tu: mstari wa mwisho wa mizabibu yao, ule Alban alioupanda mwaka mtoto wao alipochukuliwa na mto. Jirani yao Vinzenz alidai ni wake, na alitaka kuung'oa apitishe trekta. Jiwe la mpaka lilikwenda na maporomoko ya zamani, watu wakawa wanafuata tu ukuta wa mawe ulio kati ya mashamba mawili. Basi wale Saba, sasa sita, wakaitwa waitafute alama.

"Shemeji, geuka," alisema Burkard, mkubwa wao. "Na wewe Vinzenz, geuza hilo tumbo."

"Tumbo halina macho, mzee."

"Lina mdomo, inatosha."

Gunda akakipa kilima mgongo, akautazama mto. Majembe yakagonga nyuma yake. Hakuogopa wala hakutumaini. Alihisi baridi ya miguu tu.

"Haya, geukeni."

Kigingi walichopigilia juu ya alama kilikuwa kimesimama upande wa huku wa mstari, upande wa Gunda. Mstari wote ulikuwa wa Vinzenz.

"Hamkukosea?" Gunda akauliza.

"Alama ipo pale pale, shemeji. Na Alban alijua. Alikula kiapo mwaka mmoja baada ya kupanda, na mimi ndiye niliyemwonyesha. Lakini tusipoitwa na wenye shamba, hatusemi."

Vinzenz alivua kofia. "Kumbe ndiyo sababu ya yale matenga," akasema.

Kila mavuno Alban alichuma mstari ule peke yake, akaacha matenga yote ya zabibu ukutani kwa Vinzenz. Gunda alimsuta miaka nenda miaka rudi: unamnenepesha jirani, sisi tunakula nini? Alban alicheka tu, akasema ni ujirani mwema. Kumbe alikuwa akirudisha mali ya watu, na kwa ajili ya kiapo akakubali kuitwa mjinga nyumbani kwake.

Gunda alimkasirikia Alban, tena akaona haya. Akalia, hapo hapo mbele ya wanaume sita na tumbo la Vinzenz.

"Dada Gunda," Vinzenz akasema, "trekta litapita juu kule. Nitazunguka."

Gunda akajifuta kwa mkono wa koti, akatoa mkasi mfukoni na kushika tawi la kwanza la kupogoa.

"Haya," akasema. "Mavuno yakifika, matenga utayakuta ukutani."