Pengo la Koko Nareyu

Ng'ombe aliyemvunja Koko Nareyu taya alikuwa kipenzi chake mwenyewe, na hilo lilimuuma kuliko hata taya lenyewe. Hospitalini Endulen walimfunga meno kwa waya, wakamrudisha bomani na agizo moja: maziwa na uji tu, kwa mrija, mpaka mfupa uunge.

Mrija ulikuwa na pa kupita. Koko aling'olewa meno mawili ya mbele ya chini akiwa mtoto, kama wenzake wote wa rika lake, ili siku taya likikaza kwa pepopunda maziwa yapate njia. Basi hapo ndipo penye kikwazo. Kupitia pengo kama hilo alimnywesha mama yake mzazi maziwa ya jioni, na mama hakuamka tena. Tangu hapo aliamini kwamba anayenyweshwa pengoni anaagwa. Akagoma kunywa. Siku zikapita, na yeye huyo anakonda tu.

Nanyori, mjukuu wake anayefundisha baiolojia Karatu, akaitwa haraka. Alipoinamisha kichwa aguswe kwa salamu, mkono wa bibi ulikuwa mwepesi mno. Akaogopa. Ualimu wote ulimtoka, akabaki yule mtoto aliyelelewa mgongoni mwa mwanamke huyu.

Akabembeleza, wapi! Akalia, wapi! Mwishowe, kwa kuishiwa maneno, akafungua simu na kumwonyesha picha aliyowafundishia wanafunzi wiki ile.

"Koko, huyu anaitwa Leedsichthys. Aliishi baharini zamani sana, kabla hakujawa na mtu wala ng'ombe. Wanakisia alikuwa mrefu kuliko basi la Arusha."

"Samaki," Koko alisema kwa shida kupitia waya, akakunja uso. Katika boma lile samaki hakuliwa, na hata kumtaja tu kulimtia kichefuchefu.

"Ndiyo, ila huyu hakutafuna kitu. Aliogelea mdomo wazi, maji yakatokea mashavuni, vidudu vidogo vikanasa humo ndani. Kama ndege heroe wa kule kreta wanavyochuja maji ya ziwa."

Koko akaitazama picha tena.

"Alikula hivyo wakati wa kufa?"

Nanyori akaelewa anachoulizwa, machozi yakamlengalenga.

"Hapana, Koko wangu. Hivyo ndivyo alivyoishi. Hivyo ndivyo alivyonenepa mpaka akawa mkubwa vile."

Nje ndama walikuwa wakilia wafunguliwe. Koko aliwasikiliza, kisha akanyoosha kidole kuelekea kibuyu cha maziwa.

"Zima simu kwanza," akasema. "Sinywi maziwa samaki ananitazama."

Nanyori akazima, akamimina maziwa kikombeni, akapitisha mrija pengoni. Maziwa yakapanda polepole. Alimpenda bibi yake wakati ule mpaka kifua kikamuuma.

Kikombe kilipokauka, Koko alimwekea tena mkono kichwani.

"Kesho lete kikubwa," akasema. "Yule wako hakukua vile kwa kikombe cha chai."