Sahani ya Mkwe

Fundi aliliacha shati la mteja likining'inia kwenye sindano ya cherehani, akatimua mbio kwenda chooni.

"Mbio hizo Fundi, ungeshindania kombe!" mteja akamtania aliporudi.

"Cheka, baba. Kikulacho ki nguoni mwako."

Jicho la mama huyo lilikuwa jikoni, kwa mke wa mwanawe. Fundi hapokei nguo bila kuigeuza ndani nje kwanza. Watu huficha mambo kwenye mishono. Lakini mkwe utamgeuzaje?

Tumbo lake halikuwa na msimamo: leo limejaa upepo, kesho linasokota, keshokutwa limefunga kama duka la marehemu. Daktari alipima, hakuona kidonda wala mdudu. Akasema, mkwe naye akisikia, kwamba utumbo huo ni mwepesi kukasirika; vitunguu, maharage na wasiwasi huuchokoza, na mtu hujifunza kuishi nao.

"Utumbo ukasirike, kwani umeolewa?" Fundi alicheka.

Tangu siku hiyo mkwe akaanza kumpikia kwenye kisufuria cha peke yake, chenye kifuniko. Kifuniko cha nini, kama si jambo? Basi kila mkwe akienda kuleta maji, Fundi alibadilisha sahani yake na ya mkwe. Tumbo likazidi kuuma. Ala! Kumbe mchawi keshashtuka, sumu ameihamisha!

Mchana huo alimwita mwanawe kutoka kazini. Ameshaamua: mwanamke huyo arudi kwao leo hii.

"Mama, umenitisha. Kuna nini?" mwanawe akauliza, akivuta kiti kwenye meza ya chakula.

Kabla Fundi hajajibu, mkwe akarudi na jagi la maji. Akaketi, akaitazama sahani iliyokuwa mbele yake.

"Mama, hata leo umenibadilishia?"

"Nimekubadilishia nini?"

"Chakula chako hakina vitunguu wala maharage. Daktari si alisema? Nilidhani umekichoka, nikaona aibu kukuuliza."

Fundi akaitazama sahani yake. Maharage yamejaa tele, yanang'aa kwa vitunguu. Tumbo likanguruma hadi mwanawe akageuka.

"Mama, ulisema kuna jambo."

Mkwe akachota kijiko kimoja kutoka kwenye sahani isiyo na maharage, akatafuna, akameza, kisha akaisukuma taratibu upande wa pili wa meza.

Fundi akalitazama koo la mkwe. Akalitazama tena. Kisha, polepole, akanyoosha mkono.