Nyumba ya Dada wa Papa

Faustina aliona mikokoteni mitatu mlangoni kwa Brigida, jirani yake wa ng'ambo ya mtaa, akasukuma sahani kando. Hapa Roma hakuna anayehamisha vyombo wakati makadinali wamefungiwa ndani wanachagua Papa, isipokuwa mwenye hakika kwamba ndugu yake ndiye atakayechaguliwa. Maana kadinali akitajwa tu, watu hukimbilia nyumbani kwake wakabeba kila kitu hadi misumari. Papa ana nyumba nyingine. Ile ya zamani ni ya wote.

"Shoga, mbona unahama?" Faustina akauliza kutoka dirishani.

"Sihami, mwenzangu. Natoa mazulia yapigwe jua."

"Kwa mikokoteni mitatu? Jua la wapi hilo, la Napoli?"

Brigida akacheka, akaingia ndani. Kicheko kile ndicho kilichomchoma. Walikua mtaa mmoja, wakafiwa na waume mwaka mmoja, kila mmoja akaja kumtunzia nyumba kaka yake kadinali. Miaka ishirini Faustina alikuwa akipima nani kakaa mbele kanisani, nani kasalimiwa kwanza. Leo Brigida awe dada wa Papa, yeye ampigie goti? Thubutu!

Kesho yake asubuhi kelele zikapanda kutoka mtoni. "Tumepata Papa! Tumepata Papa!" Jina halikusikika. Umati ukaingia mtaani na ngazi na magunia, ukakata kona kuelekea kwa Brigida, maana nao waliiona mikokoteni ile.

Faustina hakuweza kuvumilia.

"Mnaenda wapi, vipofu nyie? Ni huku! Ni Ercolano wangu!"

Wakasita. Fundi viatu mmoja akauliza, "Nani kakwambia, mama?"

"Mimi ni dada yake. Nisijue mimi, ajue nani?"

Akashuka akawafungulia mwenyewe. Vikatoka vitanda, sufuria za shaba, mapipa ya divai, jibini, hata mlango wa jikoni. Faustina alisimama kwenye ngazi akiwaelekeza: "Juu kuna kabati jingine, msilisahau!" Jicho lake lilikuwa ng'ambo ya mtaa, aone kama Brigida anatazama. Alikuwa anatazama.

Ndipo kengele zikalia na mpiga mbiu akapita juu ya farasi: Papa ni Kadinali Ranuccio, kaka yake Brigida.

Watu wakatazamana, mizigo migongoni.

"Mimi nimeshachoka," fundi viatu akasema, akaenda zake na godoro. Kwa Brigida hakikuguswa hata kijiko.

Jioni Ercolano alirudi, akasimama katikati ya ukumbi mtupu.

"Dada, nani aliwaambia ni mimi?"

"Mimi."

"Nilipata kura mbili tu, Faustina. Zote za wazee wasioona vizuri."

Mlango ulikuwa wazi, na Brigida akaingia, nyuma yake mtumishi kabeba kiti.

"Kaa, mwenzangu. Utasimama mpaka lini?"

Faustina akakitazama. Kilikuwa cha mbao ya mkangazi, kimechongwa maua miguuni, kizuri kuliko kiti chochote alichowahi kuwa nacho.

"Asante," akasema, akakaa sakafuni.