Pikipiki ya Pili ya Baba Mukubwa

Rachida alikuwa amebakiza kitu kimoja tu kusudi apande mwaka wa tatu, na hicho kitu kimoja kilikuwa na matairi mbili.

Masomo ingine yote alipata. Takwimu alipata. Sheria ya biashara alipata, hata yeye mwenyewe alishangaa. Lakini comptabilité financière, hesabu za biashara, ya mwaka wa pili ilimukatalia kabisa. Mwaka wa kwanza ile somo ni utamu tu: huku vinaingia, huku vinatoka, pande mbili zikilingana unafunga daftari unaenda kula. Mwaka wa pili wanaanza kukuchokoza. Hiki kitu umeandika, ni cha nani kweli? Leo kingali na bei ile ya siku kilinunuliwa? Na ukijibu haraka, njo unaanguka haraka.

Asistanti Serge, mwenye kufundisha ile somo ku institut yao pale Kasongo, aliwapa kazi: kila mwanafunzi atafute mufanyabiashara mumoja wa mjini, amutengenezee bilan, maana yake karatasi ya kuonyesha mutu iko na mali gani na anadaiwa nini. Mwenye biashara atie sahihi na kashe yake, ule muhuri wa biashara. Kama hakuna kashe, asistanti hapokei.

Rachida hakutafuta mbali. Alichukua biashara ya Lukumani, baba yake mukubwa, mwenye kuuza muchele ku soko. Huyu njo alimulea tangu baba yake alipokufa, na njo analipa masomo yake. Mzee Lukumani alikuwa na depo moja hapa, depo ingine Wamaza kule Kabambare, na pikipiki mbili za kubeba watu. Muchele hakuuzungumuzia sana. Pikipiki, weee! Ukimusalimia tu, kabla hujamaliza kuitikiwa, umeshasikia "pikipiki zangu mbili".

Basi Rachida akaandika pikipiki mbili, akazipunguzia bei kwa ajili ya uchakavu kama walivyofundishwa, akapiga mustari chini kwa rula, mzee akapiga kashe, kazi safi. Ikarudi na wino mwekundu: "Ya pili ni ya nani?" Na cote, maksi zake, chini ya wastani.

"Amekuonea," Emmanuella akasema. Huyu walikuwa wanakaa benchi moja tangu mwaka wa kwanza. Kisha akasoma tena, akaanza kucheka. "Hapana, hakukuonea. Rachida, si ni ile ya Iliasi? Ile iko ku kontra, ya kulipia kidogo kidogo?"

"Iko ku jina ya baba mukubwa."

"Karatasi iko ku jina yake. Matairi analipa nani?"

Jibu Rachida alilijua.

Pikipiki ya kwanza alikuwa anaiendesha Djafari. Djafari anafanya kazi, jioni analeta pesa, mzee anamukatia yake. Mnyororo ukikatika, mzee ananunua mwingine. Lakini Iliasi, motari mwenye kuendesha ile ya pili, walisikilizana ingine: kila juma analeta versement, kiasi kile kile, mvua inyeshe, jua liwake. Matairi, mafuta, amende za polisi barabarani, yote yake. Siku atamaliza kulipa, mzee anamupa karatasi, pikipiki inakuwa yake moja kwa moja. Kasongo hiyo mambo watu wanaijua sana, hakuna mwenye anahitaji kwenda institut juu yake. Rachida aliijua tangu utoto. Ila hakufikiri kama vitu vya nyumbani vinaweza kuingia ndani ya kitabu cha asistanti.

Na kitabu kilisema wazi: mali inaandikwa kwa mwenye anaiamuru, mwenye anakula faida yake na anabeba hasara yake. Jina ku karatasi linakuja nyuma.

Asistanti akampa sesyo ya pili. Atengeneze kazi upya, alete na sahihi na kashe, kisha aje kuitetea kwa mudomo. Akianguka tena, anarudilia mwaka. Na kurudilia mwaka, baba mukubwa alikuwa amesema toka zamani, mbele ya watu: "Miye silipe mwaka mumoja mara mbili. Ukianguka, unakwenda Wamaza kuchunga depo." Wamaza si pabaya. Lakini Rachida alikuwa amelala ndani ya ile depo likizo moja, panya wakamupitia juu ya tumbo kama barabara yao.

Akatengeneza upya. Pikipiki moja. Akapeleka.

Mzee Lukumani alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya karatasi, akafika pa pikipiki, kidole kikasimama.

"Ingine iko wapi?"

"Baba mukubwa, njo nilitaka kukueleza…"

"Waliiba?"

"Hapana."

"Iliasi ameiuza?"

"Hapana, baba. Ku kitabu tu. Ku kitabu inahesabiwa ya Iliasi."

Mzee akavua miwani. Akamuita bibi yake kule jikoni: "Mama Subira! Kuja usikie. Mutoto nalipia masomo, amesoma, amesoma, sasa amepata akili ya kuninyanganya pikipiki!"

"Baba, sikunyanganye. Mahali pa pikipiki nimetia dai. Ile yote Iliasi angali anakupasha, pesa hajamaliza kulipa, iko hapa. Mali yako haijapungua."

"Dai linapandwa na mutu?"

"Eee?"

"Nakuuliza. Nikienda nalo kilioni, linabeba watu? Mutu akipita hapa ku baraza, ataona dai limesimama ku mulango?" Akarudisha karatasi. "Miye nina pikipiki mbili. Andika mbili, nitapiga kashe hata mara nne."

Akiandika mbili, anaanguka. Akiandika moja, hakuna kashe, anaanguka vilevile. Rachida akatoka pale, akakaa ku mulango wa jikoni kuchambua muchele na Mama Subira, wala hakuona mawe anayotoa.

"Mungoje," Mama Subira akamwambia kwa sauti ya chini. "Sasa kichwa chake chote kiko ku harusi. Harusi ipite kwanza."

Harusi ilikuwa ya Subira mwenyewe, binti yao. Alikuwa anaolewa Nyangwe, na juma lile lile wangemupeleka kwa bwana wake. Kwa watu wa pale, siku ya kupeleka bibi harusi, kila mwenye pikipiki katika ukoo anatoa pikipiki yake, na watu wanaangalia nani ametoa ngapi. Mzee Lukumani alikuwa ametangaza ku mulango wa musikiti, baada ya sala ya ijumaa: mbili. Ya kwanza imubebe bibi harusi, ya pili imubebe shangazi mukubwa, dada yake mzee, mwenye kukaa na hasira na mwenye hakubali kutanguliwa na mutu.

Asubuhi ile, nyumba ilijaa vikwembe vipya na marashi. Djafari alikuja mapema, pikipiki imefungwa maua ya karatasi mpaka taa haionekani. Wakangoja ya pili. Shangazi alikuwa amekaa tayari ku kiti, sanduku juu ya magoti.

Mzee akapiga simu. Akaweka sauti ya juu, sababu alitaka watu wasikie namna anaamuru.

"Iliasi! Uko wapi? Kuja na pikipiki, tunatoka."

"Shikamoo mzee. Miye niko njia ya Kabambare."

"Kabambare ya nini? Leo harusi!"

"Nilipata muteja, mzee, anaenda mpaka Wamaza na mizigo. Versement ya juma hili si nilikuletea jana?"

"Versement, ndiyo, lakini pikipiki…"

"Basi mzee. Mubarikiwe na harusi. Munisalimie Subira."

Simu ikakatika. Mzee Lukumani akabaki anaangalia simu kama imemutukana. Shangazi akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Lukumani, mbili zako ni ngapi?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Shangazi akapanda nyuma ya pikipiki ya jirani, mutu wa kabila ingine kabisa, akashika sanduku lake, na njia nzima ya Nyangwe hakusema neno. Hilo njo liliogopesha zaidi.

Rachida alicheka pia, kisha akakumbuka kile kitabu. Mwenye anaiamuru. Asistanti angepewa ile simu asikilize, asingehitaji karatasi.

Lakini hakusema. Harusi iliisha muzuri, Subira alilia kidogo na kula sana, watu wakarudi. Tarehe ya kutetea ilikuwa inakaribia na kazi ilikuwa haina kashe. Kisha Iliasi akarudi.

Alirudi anasukuma pikipiki kwa mikono, ameloa tope mpaka shingoni. Tairi ya nyuma ilipasuka njiani, rimu ikapinda kama ndizi. Akaisimamisha mbele ya baraza.

"Shikamoo mzee."

"Nani mzee wako? Umeniaibisha mbele ya dada yangu!"

"Nisamehe, mzee. Kazi njo ilinishika. Sasa angalia, barabara imenimaliza. Nilikuwa nataka uniazime pesa kidogo ya tairi na rimu, nitaiongeza juu ya versement."

"Tairi?" Mzee Lukumani akasimama. "Tairi yangu? Tulisikilizana nini, miye na weye? Ikipasuka, yako! Ikianguka, yako! Miye ninajua versement tu. Hata ukaitia ndani ya Lualaba, juma likifika unaniletea changu!"

"Ni kweli, mzee. Ni yangu."

"Basi chukua kitu chako, utoe tope ku baraza yangu!"

Rachida alikuwa amesimama nyuma na sahani ya muhogo mukononi. Alijua akikosea neno moja, ni Wamaza. Akaweka sahani chini.

"Baba mukubwa," akasema polepole, "umesema kitu cha nani?"

Mzee akageuka.

"Siku ya harusi ilikuwa yako. Leo imepasuka, imekuwa yake?"

Mama Subira, kule jikoni, akakohoa kikohozi chenye hakikuwa cha ugonjwa. Iliasi alikuwa hajui mambo ya karatasi hata kidogo, akaangalia huyu, akaangalia yule.

"Baba, ukitaka tuandike mbili, tuandike," Rachida akaendelea. "Lakini basi tairi ni yetu, na rimu ni yetu, na nitaiandika ku gharama zako, na leo tunamununulia. Ukisema ni yake, basi niiondoe, na tusilipe hata kipande cha rimu. Chagua weye. Miye nitafuata."

Mzee Lukumani alikaa tena. Aliangalia rimu. Aliangalia Iliasi. Ilionekana anapiga hesabu, na hesabu za muchele alikuwa anazipiga bila kalamu tangu ujana.

"Ile dai," akasema mwisho. "Umeliandika wapi?"

"Hapa hapa, chini ya muchele."

"Maandishi madogo hivyo?"

"Naweza kuyakuza."

"Yakuze. Na utie jina lake, Iliasi, kusudi mutu akisoma ajue nani ananipasha." Akanyosha mukono. "Mama Subira, niletee kashe."

Aliipiga kashe kwa nguvu, meza ikaruka. Kisha, kwa sababu hakuwa mutu mubaya, akamwazima Iliasi pesa ya rimu, na akamwambia Rachida aiongeze ku dai. Rachida akaandika upya ukurasa mzima, akarudi kuomba kashe mara ya pili. Hapo mzee alitaka kukasirika, lakini alikuwa amechoka.

Siku ya kutetea, Asistanti Serge alisoma karatasi, akageuza nyuma, akarudi mbele.

"Pikipiki imetoka. Kwa nini? Karatasi si iko ku jina ya mzee?"

"Ndiyo, asistanti. Lakini Iliasi njo anaamua inaenda wapi. Faida anakula yeye, na ikiharibika anatengeneza yeye. Mzee amebaki na dai, na karatasi anaishika kama dhamana."

"Unajuaje anaamua yeye? Wameandika ku kontra?"

"Hawakuandika. Ilionekana ku harusi."

Akamueleza. Alipofika pa shangazi na sanduku, asistanti aliweka kalamu chini na kufunika mudomo. Wanafunzi wenye walikuwa wanangoja zamu yao hawakufunika kitu.

"Sawa. Na Iliasi akishindwa kulipa, mzee akaichukua tena?"

Hapa njo walikuwa wameanguka wengi. Rachida aliweka kidole pa dai.

"Siku ataichukua, siku ile nitaiandika tena kwa mzee, kwa bei yenye itakuwa nayo siku ile, na dai litatoka. Si kabla. Siandike leo kitu cha kuogopa kesho."

Asistanti hakusifu. Aliandika cote, akageuza karatasi kusudi aione. Kumi na nne juu ya ishirini. Emmanuella, ku dirisha, alipiga vigelegele mpaka akafukuzwa.

Rachida alitoka mbio. Nje, chini ya ukuta, Iliasi alikuwa anangoja wateja, rimu mupya inangaa.

"Yaya Iliasi, kaka yangu! Nimepata! Nipeleke ku soko kwa baba mukubwa, haraka!"

"Pongezi, mama. Unalipa?"

"Weye! Miye nimekupigania pikipiki mpaka mbele ya asistanti!"

"Njo maana. Ni yangu, inalipiwa."

Akalipa. Njia yote alikuwa anacheka na vumbi linamuingia kinywani.

Ku soko walimukuta mzee Lukumani anazungumuza na jirani mwenye alikuwa na kilio Nyangwe na alikuja kuomba pikipiki za kupeleka watu. Mzee alimuona Rachida anatelemuka, aliona uso wake, hakuuliza kitu. Alimugeukia jirani.

"Nitakupa moja," akasema. "Ya pili, mwenyewe ni Iliasi, huyu hapa. Muulize yeye."