Jogoo Ndani ya Sanduku la Nieves

Don Anselmo Tarqui, fundi wa kofia, alikuwa na maneno ya kumwaga juu ya kila jambo, isipokuwa lile lililomkaba koo. Mkewe Nieves alikuwa anajiandaa kwenda Italia kwa binti yao Yhovana, aliyekuwa karibu kujifungua. Nieves hakuwa amewahi kuvuka mpaka wowote maisha yake yote. Miezi mitatu tu, alisema. Miezi mitatu! Mke wa Don Prudencio wa mlango wa pili naye alisema miezi mitatu alipokwenda Hispania, na huu ni mwaka wa saba.

Je, Anselmo alimwambia mkewe kwamba anaogopa? Thubutu! "Nenda, mama, nenda zako," alikuwa akisema mbele ya majirani. "Angalau na mimi nilale bila kusikia mtu anakoroma." Watu wakicheka na yeye anacheka, kisha anarudi kwenye kazi yake na kuunguza kofia ya mteja kwa pasi.

Ikafika siku ya Alasita, sikukuu ambayo mji mzima wa La Paz hununua vitu vidogo vidogo, nyumba ya kukaa kiganjani, gari dogo kama kiberiti, ili vile vya kweli vije ndani ya mwaka. Ila hujinunulii mwenyewe, unanunuliwa na mtu, tena lazima kitu kibarikiwe saa sita kamili mchana. Ikishapita hapo, umebeba mdoli tu. Viza ya Nieves ilikuwa bado haijatoka, kwa hiyo akamtuma mumewe.

"Sanduku, pasipoti, tiketi," alimwambia huku akimfunga skafu shingoni. "Usiniletee sanduku lenye zipu ya kuchora. Na usije ukapotelea kwenye meza za kuchezea mpira wa vijiti."

"Mimi ni mtu mzima, Nieves."

"Ndiyo maana nakwambia."

Sanduku alilipata haraka, jekundu, lina zipu ya kweli kabisa. Pasipoti nayo akapata, ndogo kuliko kucha ya dole gumba. Tiketi ndiyo ikaleta kasheshe.

"Nipe ya kwenda na kurudi," alimwambia Doña Casilda, mama mnene aliyekaa nyuma ya mlima wa dola za bandia.

"Ya nini?"

"Ya kurudi."

Doña Casilda akageukia wenzake. "Jamani, njooni mumwone huyu baba! Anataka ya kurudi!" Meza nzima ikaangua kicheko. "Nimeanza kuuza hapa sina hata meno, hakuna aliyewahi kuniomba hiyo. Watu wanaomba kuondoka, baba. Kurudi kila mtu anajijua."

Akaenda meza ya pili, wakamcheka. Ya tatu, wakamwitia na watoto waje kucheka. Saa sita ilikuwa inakaribia, na hapo wazo baya likamjia, likamkalia vizuri. Si aende tu kwenye meza za mpira? Saa ipite, baraka ikose, viza isitoke, Nieves abaki jikoni kwake. Alilipenda wazo hilo, nisimsingizie utakatifu. Alikuwa ameshapiga hatua kuelekea huko alipomfikiria Yhovana akishikwa na uchungu katikati ya wageni, bila mama yake. Akajitukana, akageuza.

Ndipo akaona majogoo wa udongo. Mwanamke asiye na mume hupewa jogoo ili apate mume. Hilo kila mtu mjini analijua. Kwa hiyo, aliwaza Anselmo huku kengele za makanisa zikianza kulia, jogoo ni mume. Mume wa Nieves ni mimi. Nikimweka jogoo sandukuni, kila akifungua atavutwa kwangu. Akajiona ana akili za ajabu. Akanunua mmoja, akarudi mbio kuchukua tiketi ya kwenda tu, Doña Casilda akambandika jogoo ndani kwa gundi kali, na mganga wa Kiaymara akafukiza ubani, akanyunyiza kileo na petali za maua.

Akili zile zilimdumu mpaka kwenye kibanda cha gari la waya, kile kinachoning'inia hewani, kilichompandisha nyumbani. Mbele yake walikaa wasichana wawili. "Mwaka jana shangazi alinipa jogoo," alisema mmoja, "na hata miezi sita haijaisha, huyo, kijana wa Cochabamba, mrefu, ana lori!"

Anselmo akalitazama sanduku. Jogoo humleta mume ambaye hayupo! Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, tena saa sita kamili, amemwombea mkewe Mwitaliano! Akafungua sanduku, akamvuta jogoo kwa nguvu zote. Kikakatika kishungi tu.

Uani majirani walikuwa wanamsubiri. Nieves akampokea sanduku mkononi kabla hajapata la kusema, akafungua zipu, akamwona jogoo.

"Hee!" Doña Ruperta alichungulia begani kwake. "Don Anselmo kamtafutia mkewe mume mwingine!"

"Wangu angalau alijitafutia mwenyewe," alisema Don Prudencio.

Ua mzima ulicheka, isipokuwa Nieves. "Anselmo," alisema, "umenichoka kiasi hiki?"

Anselmo alikuwa na mzaha tayari mdomoni, kitu kuhusu baridi ya Ulaya. Akamtazama mkewe usoni, akauacha.

"Huyo jogoo ni mimi," alisema. "Nimezunguka soko zima natafuta tiketi ya kurudi, wakanicheka. Nikasema basi niwemo mwenyewe humo ndani. Sikufikiri vizuri. Kengele zilikuwa zinalia."

Hakuna aliyecheka tena.

"Tangu Novemba nakunja nguo na kukunjua," alisema Nieves, "nakusubiri uniambie neno moja. Wewe habari yako ni kukoroma tu. Nikasema haya, mwanamume huyu anafurahi naondoka. Nimeshaanza kuwaza, nikifika huko, nirudi kufuata nini?"

"Neno gani?"

"Wewe ndiye bingwa wa maneno. Litafute."

Anselmo aliwatazama majirani, akaitazama mikono yake iliyojaa gundi.

"Rudi," alisema kwa sauti ndogo.

"Ruperta hajasikia."

"Nimesikia," alisema Ruperta.

"Hujasikia."

"Rudi, Nieves!" alipiga kelele Don Anselmo mpaka mbwa wakabweka mtaa wa juu. "Siwezi kukaa humu bila wewe. Nenda ukamwone mtoto, halafu urudi!"

Nieves akajifuta macho kwa ncha ya shali yake, akafunga zipu.

"Haya," alisema. "Sasa naweza kwenda."