Kilichoota Kisahanini

Maabarani walimwita Bi Spiriti, na hakuchukia. Chupa ya spiriti haikumtoka mkononi. Alifuta meza kabla ya kazi, akaifuta baada ya kazi, na ukikaa karibu naye muda mrefu ungeweza kufutwa wewe mwenyewe. Wenzake walimtania kwamba siku akifika peponi atawaambia malaika wanyanyue miguu apige deki. Lakini kimondo kilipoletwa na ikabidi apatikane mtu wa kukipasua, hakuna aliyeuliza awe nani.

Kilikuwa jiwe jeusi la kujaa kiganja, lililoanguka kwenye shamba la watu mchana kweupe na kuchimba shimo. Liliwekwa ndani ya sanduku la kioo lisilopitisha hewa, ambalo ubavuni lina glavu nene za mpira. Unaingiza mikono kwenye glavu, unafanya kazi mle ndani, hugusi wala huguswi. Bi Spiriti alilipasua, akachukua unga wa katikati kabisa, mahali ambapo uchafu wa dunia hii haujafika, akaupanda kwenye visahani vya kuoteshea vijidudu. Kisha wakasubiri. Profesa, mkuu wao, alikuwa na swali moja tu maishani, kama huko juu kuna chochote chenye uhai, na alikuwa ameliuliza mpaka mvi zikamjaa.

Visahani vikaota. Katika kila kimoja palitokea duara dogo la rangi ya majivu, lenye ukingo wa zambarau, ambalo hawakuliona katika kitabu chochote. Profesa alicheka, kisha akalia, kisha akaagiza sampuli zipelekwe haraka kwenye maabara kubwa zaidi, majibu yake yangechukua muda. Kwa waliozoea kumwona amenuna, kicheko kile nacho kilikuwa kitu kipya duniani.

Bi Spiriti alifurahi pamoja nao mpaka aliporudi kusafisha sanduku. Alipoingiza mkono kwenye glavu ya kulia alihisi ubaridi kati ya vidole. Akaikunjua, akaona ufa, mwembamba kama unywele. Mpira ulikuwa umekauka ukachanika. Maelekezo yalisema glavu zipanguswe kwa maji ya sabuni basi, lakini yeye sabuni hakuiamini. Kila siku alizisugua kwa spiriti, ndani na nje, na spiriti ikala mpira taratibu bila yeye kujua.

Ufa ule ulikuwa na maana mbili, na zote mbaya. Ama uchafu wa mkono wake ulipenya ukaingia kwenye unga wa jiwe, na hicho walichokuwa wakikishangilia ni kijidudu cha hapa hapa, kimetoka kwenye ngozi yake. Ama kilichokuwa ndani ya jiwe kilipenya kikaja mkononi mwake, naye akaenda nacho nyumbani akamwogesha mtoto wake kwa mkono huo huo.

Kanuni ya maabara alikuwa ameitia sahihi mwenyewe. Aliyeguswa na kitu cha sandukuni anaingia chumba cha ndani, yeye na kila mtu wa nyumbani kwake aliyeguswa naye, na mlango haufunguliwi mpaka ijulikane ni nini. Wakati ule aliona ni kanuni safi sana. Sasa alimfikiria Chiriku wake, binti wa miaka mitatu ambaye mdomo wake haupumziki hata akilala, yuko nyuma ya kioo anachomwa sindano na watu waliofunika nyuso. Akajitia hamnazo. Akabadilisha glavu, ile ya zamani akaitumbukiza kwenye pipa la kuchomea taka, akaaga.

Nyumbani mumewe alikuwa sebuleni, nyuma ya cherehani yake, futi ya kupimia imemning'inia shingoni. Habari za jiwe alikuwa nazo tayari.

"Naambiwa mmewapata jamaa wa huko juu," alisema. "Waambie wakija kushona nguo waje mapema, maana nguo ya mikono minane itanichelewesha."

"Hebu acha."

"Mama!" Chiriku alikuja mbio. Bi Spiriti akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Usinishike, mwanangu. Mama ana mafua. Baba Chiriku, nakuomba, kaa naye wewe siku hizi. Mlishe wewe, mwogeshe wewe, ukitoka toka naye. Asinikaribie."

"Mafua gani hayo, hata chafya moja sijaisikia?"

"Nimesema nakuomba."

Mume aliguna, akamwambia mtoto kwamba mama leo amepanda cheo, haguswi. Bi Spiriti alilala kwenye kochi. Alijiona amefanya la maana, mtoto yuko mbali naye, siri iko kwake, na majibu yakirudi kwamba ni uchafu tu, basi yatakuwa yamekwisha. Hofu ikishakuwa hakimu, haikosi ushahidi wa kukuachia huru.

Jumamosi mchana, Chiriku akiwa ameinama anachezea vifungo sakafuni, mama yake aliona kitu kwenye kisogo chake. Duara dogo. Rangi ya majivu.

"Kimeanza lini hiki?" Sauti haikuwa yake.

"Hicho? Choa hicho," mume alijibu bila kuinua uso. "Mtoto gani hapati choa? Nampaka dawa, kitaondoka."

Huenda kweli kilikuwa choa. Alijikaza kisabuni, akavaa glavu, akapitisha pamba kwenye kisogo cha binti yake huku Chiriku akicheka kwamba anatekenywa, akaificha pamba kwenye mkoba. Akaipanda kwenye kisahani maabarani, akakiweka pembeni pasipo jina.

Jumanne asubuhi alikifungua. Duara la majivu, ukingo wa zambarau. Alikiweka kando ya kisahani cha jiwe, akaangalia kimoja, akaangalia kingine, na kama mtu angevibadilisha nafasi asingejua kipi ni cha mbinguni na kipi ni cha mwanawe. Akakaa sakafuni, pale pale kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe.

Halafu akakumbuka friji. Kabla jiwe halijafunguliwa, kila mfanyakazi alipanguswa mikono kwa pamba na pamba ikaoteshwa na visahani vikahifadhiwa humo, ili baadaye kikiota kitu cha ajabu waweze kulinganisha. Kama duara lile lilikuwa kwenye mikono yake tangu wakati ule, basi ni lake, ni la nyumbani kwao, na jiwe halina kosa. Angefukuzwa kazi na kuchekwa mpaka azeeke, na angetoka hapo akipiga vigelegele. Alifungua friji, akapekua. Visahani vya wenzake vilikuwa na kila aina ya takataka. Chake kilikuwa cheupe, hakikuota hata nukta.

Alijua kwa nini. Siku ile, kabla ya kutoa mikono ipanguswe, aliisugua kwa spiriti mpaka ikawasha. Aliona haya kwenda kupimwa uchafu akiwa na uchafu. Ushahidi pekee wa kumwokoa aliufuta mwenyewe, tena kwa bidii.

Alikwenda kwa Profesa akamwambia yote. Profesa alimsikiliza amesimama, na furaha ya siku zile ikamtoka usoni polepole.

"Kwa hiyo inawezekana ni lako," alisema.

"Naomba liwe langu, Profesa. Naomba usiku na mchana."

"Mimi miaka yote nimeomba kinyume chake." Alivua miwani, akaivaa tena. "Mtoto yuko wapi?"

"Na baba yake."

"Mpigie simu, mama. Waje sasa hivi."

Chumba cha ndani kilikuwa na vitanda, choo, na ukuta mmoja wa kioo. Bi Spiriti aliingia wa kwanza. Mumewe alifika anahema, shati limeloa jasho, Chiriku mgongoni anasimulia kila alichokiona njiani. Alipoambiwa, aliangalia mlango mzito, akamwangalia mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu waoane hakuwa na mzaha. Akamshusha mtoto. Chiriku akakimbilia ndani, akasita kidogo, kama anayeuliza ruhusa.

Bi Spiriti akafungua mikono. Hakukuwa na la kumkinga nalo tena. Alimkumbatia, akanusa nywele zake, akagusa kisogo kile kwa kidole kitupu. Mwanamke aliyechukia uchafu maisha yake yote aliomba kwa sauti: Mungu wangu, duara hili liwe uchafu wangu, liwe uchafu wangu tu.

"Ingia, baba, tufunge," Profesa alisema, kidole juu ya kitufe cha mlango. "Ila kwanza niambie. Tangu mama aanze kazi na jiwe, umemgusa nani mwingine? Mtoto amegusa nani?"

Mume aliushika mkanda wake wa futi shingoni.

"Profesa, mimi fundi cherehani. Kazi yangu ni kugusa watu."

"Wachache? Wengi?"

"Nilipata kazi ya sare za shule. Nimeshinda huko wiki nzima nawapima, darasa moja baada ya jingine, shingo, mabega, kiuno." Akamwangalia Chiriku. "Na huyu nilikwenda naye. Mama yake alisema nikitoka nitoke naye. Walimpenda sana wale watoto. Walikuwa wanapokezana kumbeba."

Kupitia kioo, Bi Spiriti alimwona Profesa ameganda, kidole chake bado kiko juu ya kitufe, anageuza macho kuutazama mlango, kisha dirisha la barabarani, kisha mlango tena, kama mtu asiyejua aufunge kwa kumzuia nani.