King'ora cha Dirisha la Stoo

Mzee Erasmus alitaka kelele. Nilimweleza kwamba alamu za madirisha zipo za namna mbili: moja inatuma ujumbe kwenye simu kimyakimya, nyingine inapiga king'ora.

"Ujumbe wa nini? Mwizi nimsome?" Akacheka. "Weka ya kelele, binti. Watu waje."

Hapa Nsemulwa kila mtu anajua watu wakija inakuwaje. Mwezi uliopita walikuja mtaa wa pili. Kijana waliyemkuta na betri ya pikipiki hakufika hospitali.

Nikaanza kazi. Madirisha yake ni ya mbao, yanafunguka kwa nje, na mvua zimeyapinda. Kihisi cha sumaku hakitaki ubao uliopinda. Kina vipande viwili, kimoja cha fremu na kimoja cha ubao unaofunguka; vikiachana upana wa kidole, kinaita. Nikapiga randa, nikasawazisha, nikafunga sebuleni na vyumbani. Likabaki dirisha la stoo, ambalo ndilo pekee lisilo na nondo. Chini yake Mzee alikuwa amekuta alama za kandambili ukutani, na unga ulikuwa unapungua.

Mkewe, Mama Fausta, ndiye mwenye ufunguo wa stoo. Alifungua mlango, akanivuta ndani, akaufunga haraka.

Juu ya magunia ya mpunga alilala kijana mrefu, kandambili bado miguuni.

"Ni Maiko wangu," alinong'ona. "Baba yake alimfukuza mwaka jana, akaapa asikanyage hapa. Anakuja kula, analala, alfajiri anaondoka. Leo Mzee kaamka mapema kukusubiri wewe, basi kashindwa kutoka."

"Mama, mwambie Mzee."

"Nimwambie nini? Akisikia anamwita mwenyekiti wa mtaa. Mwanangu, hili dirisha liache. King'ora kikilia humu, watamuua."

Nilibandika kihisi ili kionekane, lakini sikukiunganisha na boksi la alamu. Nilijiona nina akili sana.

Mzee akaja na majaribio yake. Alizunguka nje akivuta dirisha moja moja, na boksi sebuleni likawa linaitikia kwa mlio mfupi. Alipofika la stoo, nilimwona kupitia dirisha la pembeni akilishika, akilitikisa. Alilivuta kidogo tu, kwa ncha za vidole. Boksi likanyamaza.

"Fundi! Hili limekufa!"

"Betri, Mzee. Nitarudi kesho."

"Kesho? Hili ndilo nililokuitia. Nyie vijana mna diploma za kuning'iniza ukutani? Washa!"

Diploma yangu ilinichoma. Naapa ni hiyo. Kabla sijafikiri, nilishalibonyeza boksi na dirisha la stoo likaingia kwenye orodha ya madirisha linayoyalinda. Mama Fausta alikuwa mlangoni, mikono kichwani.

"Sasa toa huo mlio wa kitoto," Mzee alisema. "Nataka king'ora chenyewe."

"Basi tuwaambie kwanza majirani kwamba ni majaribio."

"La! Nataka kuona wanakuja wangapi."

Niligeuza swichi. Nilijiambia ataanzia sebuleni.

Alianzia stoo.

Sijawahi kusikia sauti kama ile ndani ya nyumba. Maiko aliamka katikati yake, asijue ni nini, akaruka kupitia dirisha ambalo Mzee alikuwa amelivuta wazi. Magoti yake yalimpiga baba yake kifuani, wote wakaanguka. Mzee, uso umejaa vumbi, aliona mgongo unaokimbia, akapiga ukelele:

"Mwizi! Mwizi huyo!"

Walikuja. Saa nne asubuhi, jua linawaka, walikuja kama waliokuwa wamejipanga. Nyanda, jirani mwenye ng'ombe, alikuwa mbele na fimbo yake ya machungo. Nyuma yake dereva wa bodaboda na mnyororo, mama mmoja na mchi, watu nisiowajua na matofali. Maiko hakuupita uzio. Fimbo ya kwanza ilimpata mkononi, nikasikia mfupa.

Nilikimbilia boksi. Vidole vyangu vilikosa swichi mara mbili. King'ora kilipozimika, kelele ya watu ilibaki ileile.

Mama Fausta alikuwa ameshalala juu ya mwanawe. Walikuwa wanamvuta miguu wamwondoe.

"Ni Maiko! Nyanda, ni Maiko!"

Fimbo ilibaki juu. Tofali moja likadondoka, kisha jingine. Mzee Erasmus alikuja akichechemea, akaupasua umati akiuliza wamemshika, wamemshika? Kisha akaona.

Maiko alikuwa na damu jichoni. Alimtafuta baba yake kwa jicho moja.

"Nilikuwa nimelala tu, baba."

Mzee aliinama kumshika ule mkono uliovunjika, kijana akajikunyata, akajificha kwa mama yake. Mzee akabaki ameinama vilevile, mikono mitupu.

Nyanda aliishusha fimbo yake chini.

"Mzee," alisema, "sisi tumesikia sauti yako. Ni wewe umesema mwizi."

Dereva wa bodaboda aliutupa mnyororo wake kwenye nyasi, akaenda kuleta pikipiki.